Maji Yaliyopewa Sufuri

Ukishuka Laare mwendo wa saa kumi jioni, pikapu za miraa zikiwa zimeshaondoka na barabarani kumebaki majani ya migomba yaliyokanyagwa, utawakuta kwenye ubao mrefu uliolazwa juu ya mawe kando ya kinu cha kusaga mahindi. Marcella ana jiko la makaa hapo na birika mbili, moja ya kahawa ya tangawizi, nyingine ya chai ya rangi. Upande wa kivuli hukaa Mbaabu, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye wote wanamwita Injinia kwa sababu hajawahi kukubali kwamba kuna mashine asiyoijua. Pembeni yake ni Misheck wa bodaboda, jina lake la kijiweni Satelaiti, maana habari ya Kianjai humfikia yeye kabla ya wenye Kianjai. Wa tatu ni Younis, dereva wa pikapu, mtu wa maneno machache. Soko zima linamwita Stima, yaani umeme, na wengi hudhani ni kwa ajili ya mwendo wake barabarani. Na mwisho wa ubao, miguu ameikunja kwa adabu, yupo Mwalimu Bundi, aliyestaafu miaka sita iliyopita baada ya kufundisha Kiswahili na sayansi katika shule ya msingi iliyo juu kidogo ya soko. Huyo ndiye hakimu wao. Watabishana mpaka sauti zikauke, kisha wamgeukie, na akisema ni hivi, basi ni hivyo, Marcella anamimina kikombe kingine.

Jumatatu hiyo Mwalimu alikuwa ndio amerudi kutoka Kilifi, alikokaa wiki tatu kwa binti yake Gatwiri, muuguzi wa huko. Walimuuliza habari za joto, akawaambia. Wakamuuliza kama ni kweli samaki wa huko hawana miiba mingi kama hawa wa mabwawa, akawaambia. Lakini kulikuwa na jambo lingine ambalo alikuwa amesafiri nalo kwenye basi kutoka pwani hadi Nairobi na kutoka Nairobi hadi Meru bila kupata lepe la usingizi, na hakujua aanzie wapi kulisema. Zaidi ya hayo Younis alikuwa amekaa karibu naye, kiasi kwamba viwiko vyao viligusana kila mmoja alipoinua kikombe.

Akaanzia mbali. Akasema kwamba siku moja Gatwiri alimwambia kuna maji yanayowaka usiku, na yeye akamjibu jinsi alivyozoea kuwajibu watu: maji hayawaki, kazi ya maji ni kuzima. Gatwiri hakubishana. Aliangalia kalenda, akangoja usiku usio na mwezi, kisha akampeleka baba yake hadi pale mkono wa bahari unapoingia bara katikati ya mikoko. Huko wakakuta vimitumbwi vyembamba vya plastiki ambavyo wenyewe wanaviita kayaki. Kimoja hubeba watu wawili, mmoja mbele mwingine nyuma, na kila mmoja anapewa kasia lenye ubapa huku na huku. Mwalimu hajui kuogelea. Maji makubwa aliyowahi kuvuka maishani ni mto Thangatha, tena kwa daraja. Wakamfunga koti la kuelea mpaka akashindwa kuinama aone viatu vyake, wakamketisha mbele. Nyuma yake akaketi mama mmoja wa Kigiriama aitwaye Sidi, mwenye mabega ya mpasua mbao, na Gatwiri akaingia kayaki ya pili.

— Na ukakubali, Mwalimu? Satelaiti akauliza. Giza totoro, bahari, na mtu humjui yuko nyuma yako?

— Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimeshambishia, Mwalimu akasema. Ukishambishia mtoto wako, huwezi tena kumwambia unaogopa.

Walicheka, naye akaendelea. Walipiga makasia taratibu mpaka taa za mji zikabaki nyuma ya mikoko. Hakuona hata mikono yake. Kisha, kasia lake lilipoingia majini, maji yakawaka. Alifikiri ni macho. Akalipiga tena, yakawaka tena, rangi ya moto wa gesi ukiupunguza sana, buluu, halafu yakazimika. Samaki akapita chini ya kayaki na kuacha mstari mrefu mweupe, ungedhani mtu ameuchora kwa chaki ubaoni. Sidi akamwambia atie mkono. Akautia, na kila kidole kikavaa mwanga wake, na alipoutoa, matone yakaanguka yakiwaka moja moja kwenye goti la suruali yake. Sidi akamweleza kwamba ni viumbe hai, wadogo kuliko chembe ya unga, na mtu au samaki akiwatikisa, wanawaka. Mwalimu akamuuliza mambo hayo yameanza lini.

— Akaniambia, Yameanza na bahari, mwalimu. Bibi yangu aliyaona, na bibi yake.

Hapo Mwalimu akanyamaza, akaiangalia kahawa yake. Hakuwaambia kwamba baada ya jibu hilo aliurudisha mkono wake mapajani na hakuutia tena majini. Sidi alidhani ameshikwa na woga, akageuza kayaki kuelekea ufukoni bila kuambiwa. Gatwiri naye alidhani baba yake hakupendezwa, na njia nzima ya kurudi hakumsemesha.

Kule kijiweni, kunyamaza kwa mtu ni ruhusa kwa mwingine. Injinia akaweka kikombe chini.

— Hiyo naijua, akasema. Hiyo ni kebo.

— Kebo gani? Marcella akauliza.

— Kebo ya intaneti. Si inapita chini ya bahari ikitoka ng'ambo? Imechubuka mahali. Chaji inavuja inaingia kwa maji. Ndiyo maana hata hapa Laare mtandao unakuwanga slo jioni. Mwingi unabaki Kilifi.

Satelaiti akakataa katakata. Alisema kama ingekuwa kebo iliyochubuka, Mwalimu angerudi amekauka. Yeye alimbeba mteja mmoja kutoka Maua aliyekaa Malindi miaka minne, na mteja huyo akamwambia kwamba kuna meli ilizama zamani ikiwa imejaa saa za mkono, zile ambazo mishale yake huwaka gizani, maelfu kwa maelfu, na rangi yake ikayeyuka.

— Na samaki wanakula hiyo rangi? Marcella akauliza.

— Wanakula. Ndiyo maana watu wa pwani wanaonanga vizuri usiku.

— Sasa skiza, Injinia akasema, ambaye kwa dakika hiyo alikuwa ameisahau kebo yake. Kama ni wadudu, basi wanafugika. Tulete mtungi mmoja hapa. Stima zikipotea, tunatikisa mtungi. Soko lote linaona.

— Watalala, Satelaiti akasema. Huku ni baridi.

— Tutawapa miraa. Nani analala Laare?

Hata Mwalimu alicheka hapo. Younis peke yake hakucheka. Alikuwa anakizungusha kikombe kitupu kwenye kiganja chake, na Satelaiti, akiwa bado na kicheko mdomoni, akasema bila nia yoyote mbaya kwamba kama ni yeye Satelaiti angekuja na habari kama hiyo, Mwalimu angeshampa sufuri kitambo.

Younis akainuka. Akamrudishia Marcella kikombe, akachukua funguo zake.

— Younis, Mwalimu akasema. Kaa kidogo. Hii habari nimekuletea wewe.

Hakuna aliyezoea kulisikia jina hilo pale ubaoni. Younis alisimama na funguo mkononi. Hakuondoka, lakini hakukaa pia.

Mwalimu akawaeleza wote, bila kuinua sauti. Ilikuwa mwaka wa tisini na nane, Younis akiwa darasa la tano. Aliwapa insha waandike ajabu waliyowahi kusimuliwa nyumbani. Wengine waliandika juu ya fisi, wengine juu ya mizimu ya Nyambene. Younis aliandika kwamba nyanya yake alipokuwa msichana huko Kismayu, alikuwa akitembea ukingoni mwa bahari usiku na dada yake, na kila walipokanyaga, maji yaliwaka chini ya nyayo zao. Ilikuwa insha nzuri, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha wenzake wote. Yeye Bundi akaandika chini yake kwa kalamu nyekundu: sufuri, uongo. Kisha akamsimamisha mtoto juu ya kiti na kumwambia aisome mbele ya darasa zima.

— Nilikuwa wa kwanza kucheka, Mwalimu akasema. Watoto hawakujua kama wacheke mpaka waliponiona mimi. Nikawauliza, Kwani huko kwao wamevuta stima mpaka baharini? Jina lake lilitoka hapo. Mimi ndiye niliyempa. Sikumpiga. Afadhali ningempiga, fimbo ingeisha siku hiyo hiyo.

Akamgeukia Younis.

— Uliandika ukweli, na mimi sikuwa nimewahi hata kuiona bahari. Nimekukosea. Nakuomba msamaha.

Satelaiti, aliyekuwa amemwita Stima kila siku ya Mungu kwa miaka kumi, aliinama akaanza kufuta vumbi kwenye kofia yake ya pikipiki, na vumbi halikuwapo. Younis akarudi pale ubaoni akaketi.

— Jina nilizoea, Mwalimu, akasema. Hata sufuri nilisahau. Kile sijasahau ni kingine. Nilifika nyumbani nikamkuta ayeyo, nyanya yangu, anapika anjera kwa kikaango. Nikamwambia, Mwalimu amesema wewe ni mwongo. Nililia nikamwambia amenidanganya, na sitaki kusikia stori zake tena. Aliniangalia tu. Akageuza anjera. Kutoka hiyo siku hajawahi kutuambia kitu ya kwao. Tulikuwa tunalala nazo, Mwalimu, kila usiku. Zikakatika hivyo. Watoto wangu hawajui hata moja.

Mwalimu alikuwa amekuja na msamaha wa kutosha mtoto mmoja. Hakujua kwamba neno lake lilitoka darasani, likapanda na mtoto mpaka kwao Maua, likaingia jikoni kwa mwanamke ambaye hakuwahi kumwona.

— Bado yuko? akauliza.

— Ayeyo Nurto? Yuko. Macho ndiyo yaliisha, huu ni mwaka wa sita. Masikio yako sawa.

Mwalimu akasema angeenda Maua kesho yake asubuhi. Younis akamwambia angoje, kwanza amuulize nyanya yake mwenyewe.

Jibu lilichukua siku mbili. Siku hizo Mwalimu alizimaliza shambani kwake, akipalilia mahali alipokuwa ameshapalilia, akijaribu maneno. Alipokuwa kazini alikuwa na desturi ya kulisema somo lote peke yake njiani kabla ya kuingia darasani, ili asikwame. Sasa kila alipoanza alikwama palepale: mwanamke anageuza anjera. Usiku alimpigia Gatwiri simu, na kwa mara ya kwanza akamwambia kwa nini aliutoa mkono wake majini. Gatwiri akamwambia kwamba anamshukuru kwa kumwambia, kwani alikuwa amedhani zawadi yake haikumfikia.

Jumatano Younis alikuja na jibu. Nyanya yake hakutaka mgeni nyumbani. Angekuja mwenyewe Laare, pale pale wanapokaa. Alikuwa ameuliza kama mjukuu wake alichekwa mbele ya watu, na alipoambiwa ndiyo, akasema basi na yeye anataka kuyasikia maneno hayo mbele ya watu.

Injinia hakupenda. Alimwambia Mwalimu kwamba ameshasema mara moja, tena mbele yao, na mtu wa umri wake hapaswi kujishusha mara mbili kwa kosa la zamani hivyo. Ni Marcella aliyemjibu, huku akipuliza makaa.

— Mtoto alisimama juu ya kiti. Yeye atasimama chini. Hiyo ni ngumu?

Alhamisi, baada ya swala ya alasiri, pikapu ya Younis ikateremka polepole kuliko ilivyowahi kuonekana, ikasimama kando ya kinu. Ubaoni hawakuwa tena wanne. Satelaiti alikuwa amefanya kazi yake, na watu kama ishirini walikuwa wamesimama wakijifanya wanangoja unga. Kati yao walikuwepo wanaume wawili wenye mvi za kwanza ambao Mwalimu aliwatambua mara moja. Walikuwa darasa lile lile la tano. Mmoja wao alikuwa akimkwepa macho.

Kwenye kiti cha mbele alikaa Bi Nurto, mwanamke mdogo wa mwili, amejifunika shuka la kahawia, uso ameuelekeza mbele kwenye kioo. Mwalimu akasogea dirishani.

— Shikamoo, mama, akasema.

— Marahaba. Wewe ndiye mwalimu?

Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, kila neno limekaa mahali pake. Mwalimu akafahamu mara ile mtoto wa darasa la tano alikuwa ameipata wapi insha yake.

— Ndimi, mama. Naitwa Bundi. Mjukuu wako aliandika habari uliyomsimulia, nami nikasema ni uongo mbele ya wenzake. Nikamfanya achekwe. Nikakuvunjia heshima nawe bila kukujua. Mwezi huu nimekwenda Kilifi, nimeyaona hayo maji kwa macho yangu na kuyashika kwa mkono huu. Ulisema kweli. Mwongo nilikuwa mimi, niliyesema najua kitu nisichokijua. Nimekuja kukuomba radhi, mbele ya hawa wote.

Yule aliyekuwa anamkwepa alitoa kofia yake. Bi Nurto alinyoosha mkono nje ya dirisha, ukapapasa hewani mpaka ukaupata mkono wa Mwalimu, akaushika kama anayeupima.

— Mkono wenyewe ni huu? akauliza.

— Ndio huu.

— Basi niambie. Nina miaka sitini na mitatu sijayaona, na sasa sina cha kuyaonea. Niambie, usiruke kitu.

Mwalimu akamwambia. Safari hii hakuanzia mbali. Alimwambia juu ya giza, na kasia, na mstari wa samaki. Aliposema rangi ilikuwa buluu, Bi Nurto akatikisa kichwa na kusema haikuwa buluu, iangalie vizuri. Mwalimu akafumba macho, akaangalia, akasema kweli, palikuwa na kijani ndani yake, hasa pale mwanga unapotaka kuzimika. Bi Nurto akasema sasa umeona. Akamuuliza kama matone yaliwaka hata baada ya kutoka majini, naye akasema ndiyo, yaliwaka mpaka kwenye goti lake. Akamuuliza kama ukitembea mchangani penye unyevu nyayo zinawaka nyuma yako. Mwalimu akamwambia hakushuka kwenye kayaki kutembea, kwa hiyo hilo hakuliona.

— Zinawaka, Bi Nurto akasema. Hilo nitakwambia mimi.

— Nimekusikia, mama. Naamini.

Hata waliojifanya wanangoja unga hawakusogea. Marcella alileta kahawa kwenye kikombe chake kizuri kuliko vyote, akakiweka kwenye kiganja cha yule mama na kumkunjia vidole taratibu. Bi Nurto akanywa kidogo. Kisha akaugeuza uso kuelekea walipo watu, akauliza:

— Na wao wenyewe, hao wadudu, wanauona mwanga wao?

Mwalimu akafungua mdomo. Alikuwa amefundisha sayansi miaka thelathini na minne. Alijua sehemu za ua, alijua njia ya chakula tumboni, alijua kwa nini kimulimuli huwaka. Aliwatazama wenzake. Injinia alikuwa ameinua kidole tayari kwa kusema, akakitazama kile kidole, akakishusha. Satelaiti alitazama barabara.

— Sijui, mama, Mwalimu akasema.

— Hata mimi sijui. Dada yangu alikuwa akisema wanajiona, na ndiyo sababu wanawaka, kwa furaha. Mimi nikasema hawajioni hata kidogo, wanawaka tu na hawana habari. Tulipigana kwa ajili ya hilo, mchangani, usiku, mpaka baba akaja na bakora.

Alikuwa akicheka. Younis, aliyekaa nyuma ya usukani muda wote huo huku injini ikinguruma, aligeuka akamtazama nyanya yake.

— Ayeyo, hiyo hujawahi kuniambia.

— Zima gari, basi, Bi Nurto akasema.